Bondia Aliyepimwa Kama Pamba

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa karanga dukani kabla hujalisoma, usijali. Nitakukumbusha kwa kifupi yaliyonipata, halafu tuendelee na mkosi wa wiki hii.

Naitwa Khainza, mzaliwa wa Nakaloke karibu na Mbale. Shule niliiacha darasa la nne, na tangu hapo nakaa Jinja kwa dada yangu Oliver, ambaye mumewe ni askari wa magereza. Mimi ni mtu wa aibu. Mgeni akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natoka kwa wa nyuma. Hata Ojok, koplo wa jeshi na bondia, alinichumbia akiwa ananijua zaidi kwa mgongo kuliko kwa uso.

Niliishia pale Ojok alipokwenda Nakaloke kujitambulisha kwa Baba.

Ojok ni mtu wa kaskazini, na kwao vijana hawaingii jandoni. Kwetu Bugisu kijana huwa mwanaume siku ya imbalu. Anasimama mbele ya umati, kisu kinapita, na jicho halipepesi. Akipepesa, wataimba habari zake mpaka wajukuu wake waote mvi.

Baba alimtazama Ojok kuanzia viatu mpaka kofia.

"Mtoto wa watu sitamkata," alisema. "Lakini nasikia utapigana Mbale msimu huu wa pamba. Nitakuja kutazama. Nikikuona umesimama kama mwanaume, chukua binti. Ukikwepa hata mara moja, rudi kaskazini ukakwepe huko."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nilitaka kutoka nimwambie Baba kwamba kukwepa ndiyo nusu ya ngumi. Sikutoka.

Ojok akacheka. "Mzee, nikwepe nini? Huyo mtu hatapata nafasi ya kunipiga."

Hapo ndipo nilipoishia wiki jana. Sasa sikilizeni.

Ojok hakuwa anajisifu bure. Alikuwa akipigana uzito wa unyoya, na katika unyoya mkono wake wa kulia ulikuwa balaa. Jinja nzima walimwita Lala Salama. Ukiguswa na ule mkono, ulikuwa unalazwa pale pale, na watu wanakuwekea taulo kichwani.

Shida ilikuwa kubaki unyoya. Kila pambano likikaribia, Ojok aliacha kula ili mwili usizidi. Alikuja kwa dada yangu kunusa chakula.

"Karibu, shemeji," Oliver alimwambia. "Leo tumepika samaki. Keti upande ule, harufu inakwenda huko zaidi."

"Ahsante, shemeji. Nimeshiba."

"Hata hujavuta pumzi."

Basi mwalimu wake, Sajini Gaster, akachoka kumfundisha mtu anayesinzia kwa njaa. Akaamua Ojok apande daraja moja, kutoka unyoya mpaka uzito mwepesi. Akaja mpaka jikoni kwetu, akasimama wima kama yuko kwenye gwaride.

"Binti, mpikie huyu mtu."

Hiyo ndiyo amri pekee ya jeshi niliyowahi kupewa, na niliitii kuliko askari wote wa Jinja. Nilimpikia ugali wa wimbi na samaki. Nilimpikia matoke kwa mchuzi wa karanga. Mama alipotutumia malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, niliyapika kwa karanga nzito, na Ojok akala mpaka akalegeza mkanda.

Mwili ukaja. Ulianza mashavuni, ukashuka shingoni, ukafika tumboni ukapapenda, ukakaa.

"Shemeji," Oliver alimwambia siku moja, "ile shingo yako umeiazima kwa nani?"

Mimi nilicheka huku nimeugeukia ukuta.

Kupima, walikwenda kwa Bwana Ghanshyam. Huyu alikuwa mnunuzi wa pamba, na alipenda ngumi kuliko biashara. Stoo yake ilikuwa na mizani kubwa yenye uso kama wa saa, imening'inizwa kwenye boriti, na chini yake kulabu ya kutundikia magunia. Mizani ya jeshi ilikuwa kwa daktari, na daktari alikuwa hataki kusikia habari za mabondia.

Nilipeleka chai, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Ojok alivua shati na viatu, akaishika kulabu kwa mikono miwili, akakunja miguu, akaning'inia.

"Pamba safi," Bwana Ghanshyam akasema, akimzunguka. "Daraja la kwanza. Mbegu kidogo tu, kichwani."

Mshale ukazunguka, ukasimama kidogo tu chini ya mwisho wa uzito mwepesi. Sote tukafurahi. Hakuna aliyekuwa ameangalia mshale ulisimama wapi kabla Ojok hajaning'inia.

Sajini peke yake hakufurahi sana.

"Mwili umepanda," alisema. "Ngumi sijui."

"Afande, hiyo maneno gani?" Bwana Ghanshyam akauliza. "Lori tupu na lori iliyojaa, ipi inagonga sana?"

"Bwana, lori ikijaa inachelewa. Mpaka ifike, mtu ameshavuka barabara."

Ojok akakasirika. Akasema wamletee mtu yeyote. Wakamletea mpishi wa kambini, jitu pana lenye kidevu kama jiwe la kusagia. Ojok akampelekea mkono wa kulia, Lala Salama mwenyewe, ukatua katikati ya kidevu.

Mpishi akamtazama Sajini. "Afande, tumeshaanza?"

Ojok alisema glavu zilikuwa mpya. Nami niliamini, kwa kuwa nilitaka kuamini. Lakini nilipokuwa naosha vikombe wazo lilinijia: mimi nimemwongezea mwili, ngumi sikumwongezea. Samaki na malewa vilikwenda mahali vilipotaka vyenyewe, na hakuna kilichokwenda mkononi.

Sikusema. Na nani angeniuliza?

Siku ya pambano ikafika. Mabondia walikwenda Mbale kwa lori la jeshi, na mimi na Oliver tulikuwa tumetangulia kwa treni. Asubuhi nikasimama nje ya ukumbi wa kupimia na kapu la chakula, ili Ojok akishapimwa ale.

Mlango ukafunguka, akatoka Sajini Gaster. Aliliangalia kapu langu kama linalonuka.

"Funika hilo kapu," akasema. "Amezidi ratili nne."

Walipewa muda mpaka saa sita za mchana. Ojok akavishwa makoti mawili makubwa ya jeshi, akakimbizwa kuzunguka uwanja katika lile jua. Kila akinipita aliniambia neno moja.

Mzunguko wa kwanza: "Malewa."

Mzunguko wa pili: "Samaki."

Mzunguko wa tatu hakusema, alinionyesha kidole tu.

Sajini akamtemesha mate, akamnyoa nywele zote, akamvua hata pete. Wakarudi ndani. Wakatoka tena. Bado amezidi, na sasa ana upara.

Mzungu aliyesimamia mashindano akasema kuna njia mbili. Ojok arudi Jinja bila kupigana, au apande tena, daraja la juu yake, ambako kulikuwa na bondia mmoja wa Mbale aliyekosa mpinzani.

Nikamfikiria Baba, ambaye wakati huo alikuwa njiani kutoka Nakaloke, amevaa koti lake la harusi. Ojok akirudi bila kupigana, Baba angeita hiyo kukwepa kuliko kukwepa kote.

"Napigana," Ojok akasema.

Hapo gari la Bwana Ghanshyam likasimama. Alikuwa ametoka Jinja alfajiri ili asikose kitu. Sajini akamweleza, akamwambia mizani yake ni ya uongo.

"Mizani yangu?" Bwana Ghanshyam akashika kifua. "Mkulima wote wa Busoga anaamini ile mizani. Ngoja. Tulipima yeye na gunia?"

"Gunia gani?"

"Afande, watu wanaleta pamba ndani ya gunia. Mimi nanunua pamba, sinunui gunia. Kwa hiyo msimu ukianza, narudisha mshale nyuma, uzito wa gunia unatoka kabla. Gunia likitundikwa, mshale unasema pamba peke yake. Kila mkulima anajua."

Sajini akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Sasa siku ile mimi naangalia mwili, sikuangalia mshale. Wewe ulitundika Ojok bila gunia," Bwana Ghanshyam akaendelea kwa upole. "Mizani ikatoa gunia ambalo hakuna."

Ojok akapapasa upara wake. "Kwa hiyo nilikuwa mwepesi kwa gunia moja."

"Ulikuwa mzito vile vile," Sajini akasema. "Gunia ndilo halikuwepo."

Wakati tunabishana akaja kijana mmoja, mabega yamejaa mlango mzima. Akatusalimu kwa adabu, akaanzia kwa Sajini.

"Shikamoo, afande. Mimi Sulait, nabeba magunia ya kahawa pale stesheni. Nimeambiwa nimepata mtu." Akamgeukia Ojok. "Wewe ndiye Lala Salama? Karibu Mbale, ndugu yangu. Ila mimi usingizi wangu mgumu. Muulize mama yangu, tangu utotoni kunilaza hajaweza."

Akanisalimu na mimi pia, akasema kapu langu linanukia vizuri. Nikajificha nyuma ya Oliver.

Alipoondoka, Sajini akamshika Ojok mabega.

"Nisikilize. Huyu humlazi. Umepanda madaraja mawili, lakini ngumi yako bado iko unyoya, inakungoja. Huku juu watu wana shingo. Utapiga, utakwepa. Utapiga, utakwepa. Mwisho watahesabu pointi. Yeye ana nguvu, wewe bado una miguu."

"Afande, sikwepi."

"Kwa nini?"

Ojok akanitazama. Mimi nikalitazama kapu.

"Mkwe," akasema.

Pambano lilikuwa alasiri, ulingo umejengwa uwanjani na kamba zimefungwa kwenye nguzo za mikaratusi. Baba alikaa benchi la mbele na fimbo yake katikati ya magoti. Mama upande mmoja, mimi upande wa pili, Oliver pembeni yangu.

"Huyu mwenye upara ni nani?" Baba akauliza.

"Ndiye Ojok, Baba."

"Amefiwa?"

Kengele ikalia.

Ojok hakupoteza muda. Alimwendea Sulait moja kwa moja, akampa kushoto, halafu ukaja ule mkono wa kulia. Mlio wake nilikuwa naujua. Jinja, mlio ule ukisikika, watu wanaanza kutafuta kofia zao waende nyumbani.

Sulait hakwenda popote. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikia hodi ikipigwa nyumba ya jirani.

Ojok akautuma tena. Ukafika pale pale. Sulait akatabasamu.

"Yule wa kahawa," Baba akasema, "anasimama."

Kisha Sulait akajibu. Hakuwa na haraka, aliirusha ngumi kama anavyorusha gunia juu ya lori. Ojok aliiona inakuja. Niliona alivyoiona, na niliona magoti yake yakitaka kuinama, na niliona alivyoyakataza. Ikampata usoni.

"Vizuri," Baba akasema.

"Baba, anaumia."

"Namwona. Hajapepesa."

Sijawahi kukaa benchi baya kama lile. Kila Ojok alipopigwa, Baba aliinua kidevu kwa furaha. Mdomo ulipopasuka, Baba alimgusa Mama kwa kiwiko. Jicho lilipovimba, alisema huyu mtu wa kaskazini angefaa kuzaliwa kwetu. Uchumba wangu ulikuwa unanawiri, na mchumba alikuwa anakwisha.

Walipopumzika, kona yao ilikuwa karibu nasi, nikasikia.

"Unataka kuoa au unataka meno?" Sajini akauliza.

"Vyote, afande."

"Leo chagua."

Raundi ya pili Sulait alimbana kwenye kamba. Moja ya tumbo, pale pale malewa yangu yalipokuwa yamekaa, na Ojok akapiga goti. Mwamuzi akaanza kuhesabu. Ojok akainuka, akaweka mikono juu, akasimama wima mbele ya Sulait kama kijana wetu anayesubiri kisu. Alikuwa anayumba. Ngumi nyingine moja, na ningekuwa na ruhusa ya kuolewa na mtu ambaye hajui jina langu.

Sijui nilipandaje juu ya benchi. Mimi, ambaye kanisani naimba kwa kutikisa midomo tu.

"Ojok, kwepa."

Sikupiga kelele sana. Lakini uwanja mzima ulikuwa kimya kusubiri aanguke, kwa hiyo sauti ikafika mpaka mwisho. Vichwa vyote viligeuka. Oliver anasema hata mwamuzi aligeuka. Mama alinivuta gauni, na Baba akaniangalia kutoka chini kwenda juu, taratibu, kana kwamba ni benchi ndilo lililosema.

Ojok naye alisikia. Akacheka na ule mdomo uliopasuka, na magoti yake, ambayo yalikuwa yamefungwa tangu kengele ya kwanza, yakafunguka.

Ngumi ya Sulait ikapita juu ya upara.

Kuanzia hapo nilimwona Ojok wa Jinja, mzito kidogo, mwenye tumbo, lakini ni yeye. Alipiga akaondoka. Akapiga, akainama, akaondoka upande mwingine. Hakuna hata moja iliyomtikisa Sulait. Zilimgonga kama mvua inavyogonga bati, zikamiminika. Ila waamuzi walikuwa wanaziona, na Sulait alikuwa anaupiga upepo wa Mbale. Bwana Ghanshyam alisimama juu ya kiti upande wa pili, anatikisa mwavuli. "Lori tupu, Afande, lori tupu!"

Raundi ya tatu ikaisha hivyo. Sulait alibaki katikati ya ulingo kama nguzo ya nyumba, uso umevimba, macho wazi, na Ojok amemzunguka mpaka amechoka.

Mwamuzi akainua mkono wa Ojok.

Watu wakashangilia. Nikashuka benchi nikageuka kumwangalia Baba. Alikuwa amesimama, anapiga makofi kwa nguvu, na machozi kidogo yanamlengalenga. Moyo wangu ukatulia. Nikajua amesahau lile sharti.

Kisha nikafuata macho yake. Alikuwa anaitazama kona nyingine.

"Baba, ameshinda."

"Nani?"

"Ojok."

"Yule aliyekuwa anacheza ngoma?" Baba akaketi, akaweka fimbo katikati ya magoti. "Khainza, wewe leo una sauti, basi nijibu. Yule wa kahawa amepigwa ngumi nyingi au chache?"

"Nyingi, Baba."

"Amekwepa?"

"Hapana."

"Amepepesa?"

Sikuweza kumdanganya. "Hapana, Baba."

"Na ni mtoto wa huku huku, jandoni ameingia." Baba akamgeukia Mama. "Yule ameoa?"

"Mama yake namjua," Mama akasema. "Anamtafutia."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu rahisi, hata mtu wa darasa la nne analijua. Sulait hakupepesa kwa sababu hakukuwa na cha kumpepesesha. Ngumi iliyolaza watu Jinja, huku juu haikuwa na uzito, na kusimama mbele yake si ushujaa, ni kusimama tu. Ningemwambia Baba hayo, angeelewa.

Nikavuta pumzi niseme, nikasikia mtu anahema nyuma ya sikio langu.

Ojok alikuwa ameshuka ulingoni. Taulo shingoni, jicho moja limefunga, lile jingine linang'aa kama la mtoto aliyeletewa zawadi. Alikuwa ameuinua ule mkono wa kulia, bado una glavu, ananionyesha.

"Umeuona?" akaninong'oneza. "Wa raundi ya kwanza. Alitikisika, siyo? Kidogo tu, lakini alitikisika. Mzee amesemaje?"

Mbele yangu Baba alikuwa tayari anapunga fimbo kuelekea kona ya pili, na Sulait, anafuta uso kwa shati lake, anapita kati ya mabenchi akija kwetu, mpole, ameinama kidogo kwa heshima.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Umeniita?" Kisha akaniona, akatabasamu kwa mdomo uliovimba. "Kumbe ni huyu mwenye kapu."

Wote wanne walikuwa wananitazama sasa, Baba, Mama, Sulait, na Ojok na ule mkono wake bado uko juu, anasubiri nimwambie ulikuwa mzito.

Na hapakuwa na mlango wa nyuma.

Nikafungua kinywa mbele ya watu kwa mara ya pili siku ile.